Dawa ya Mti Uliokufa

Roza alinitambua kabla mimi sijamtambua. Nilikuwa nimeketi kwenye benchi la hospitali pale Nsambya nikingoja kupimwa presha, mama mmoja mwenye mvi akaja na fimbo yake, akakaa kando yangu, akanitazama kwa muda, kisha akasema, "Wewe ni Akello, dada ya Martin." Nikamwitikia kwa adabu tu, maana mtu akizeeka hukutana na wengi wanaomjua ambao yeye hawakumbuki. Ni pale alipocheka ndipo nikauona ule mwanya wa meno ya mbele, nikaushika mkono wake na sikuuachia. Kwa zaidi ya miaka thelathini nilikuwa nimemweka Roza pamoja na wafu. Nilimtaja katika sala za marehemu kila mwezi wa Novemba. Tulipoachana, sote tuliamini kwamba angemfuata mumewe kabla mwaka haujageuka, na yeye mwenyewe aliamini hivyo kuliko sisi sote. Tulizungumza habari za miaka yake, za wajukuu na magoti, mpaka muuguzi akaliita jina lake. Alipokuwa akiinuka, bila kunitazama, akaniuliza kama bado huwa naota wale wadudu. Nikamwambia siwaoti kamwe. Tangu siku ile ninawaota.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita vya mwaka wa themanini na sita. Mimi nilikuwa msichana aliyekatiza masomo, nikiishi kwa kaka yangu Martin, koplo wa polisi, na mkewe Roza, katika kambi ya polisi ya Nsambya. Tulikaa ndani ya yunipoti, vile vibanda vya duara vya mabati vilivyopangwa kwa mistari kama vyungu vilivyofunikwa. Mchana bati lilichemka mpaka mtu hawezi kuegemea ukuta. Mvua ikinyesha, tulizungumza kwa ishara. Pazia la kitambaa cha maua liligawa chumba nusu mbili. Upande wa mlango palikuwa na sigiri ya mkaa, masufuria na mkeka wangu. Upande wa pili palikuwa na kitanda, na juu ya kitanda, kwenye msumari, ilining'inia sare ya Martin, ambayo Roza aliipiga pasi kila Jumapili ingawa mwenye kuivaa alikuwa hawezi tena kusimama. Roza alikuwa wa Teso na sisi ni Waacholi, kwa hiyo nyumbani kwetu tulizungumza Kiswahili cha kambini, kile kisichojali ngeli. Hata leo nikimkumbuka Martin, namkumbuka kwa Kiswahili kile.

Ugonjwa wake haukuwa na haja ya kutajwa. Mji mzima uliuita silimu, kwa jinsi ulivyomkondesha mtu mpaka akabaki ngozi na macho, na wakati ule hapakuwa na dawa yake. Daktari alituambia hivyo kwa upole, akatupa kitu cha kupaka mdomoni na kutushauri tumlishe vizuri. Tungemlisha nini? Posho na maharage ya mgao ndiyo yaliyokuwepo, na mdomo wake ulikuwa na vidonda hata maji yalimuuma. Wake wa askari wenzake, ambao zamani waliingia kwetu kuazima mchi na kukaa mpaka chai iishe, walianza kutusalimia kutoka mbali. Kamba ya nguo tuliyokuwa tukichangia na jirani ilihamishwa. Mabati hayazuii sauti, hivyo tulisikia kila lililosemwa. Asubuhi moja nilikuwa nikichambua maharage, jirani akamwambia mwenzake kwamba pale kwetu kimebaki kitambo tu, na kwamba mke naye shingo imeanza kuonyesha mifupa. Roza alikuwa nyuma ya pazia akimwosha Martin mgongo. Maji yalikoma kumwagika kwa muda mfupi, kisha yakaendelea.

Mtu pekee aliyeingia kwetu bila kuitwa alikuwa Mama Sifa. Alikuwa Mkongo wa Bukavu, mwanamke mnene wa kitenge cha vipande viwili, aliyepanga chumba nje kidogo ya lango la kambi na kuuza vitenge sokoni Kikuubo. Tulijuana naye bombani tu. Siku moja alikuja na uji wa mtama, akakaa kitandani miguuni pa Martin kama anayemtembelea mzazi mpya, akatueleza habari ya mumewe. Mumewe naye, alisema, alikuwa amekwisha, mifupa mitupu, hata jeneza walikuwa wameanza kuliwazia. Kisha mzee mmoja wa kwao akawaonyesha mdudu anayeishi ndani ya mti uliokufa. Mumewe akammeza, akaongeza wengine, akapata nguvu, na sasa yuko Bukavu anafanya biashara. Mama Sifa akatoa mkebe wa samli kwenye kikapu, akaufungua. Ndani mlikuwa na unga wa mbao zilizooza, na juu ya unga ule mbawakawa weusi, wasiong'aa, kama urefu wa kifundo cha kidole, migongo yao ina mistari kama shamba lililolimwa matuta. Harufu yao ilipanda puani, kali, kama spiriti ya kidonda iliyochacha. Masharti yalikuwa machache. Mgonjwa ammeze mdudu akiwa hai, ndani ya kipande cha ndizi mbivu, kabla jua halijapanda. Kila baada ya siku chache aongezewe. Na mpaka atakapopona, asionje chumvi, samaki, wala nyama.

Sitaki kijana anayesoma haya atuone wajinga. Hospitali ilikuwa imetuambia ukweli, na ukweli ule haukuwa na la kufanya ndani yake. Mdudu alikuwa na la kufanya. Kuanzia kesho yake Roza na mimi tulipokezana: mmoja akae na mgonjwa, mwingine atoke na kisu cha jikoni na mkebe. Kwanza nilienda kwenye mfenesi mkubwa ulioanguka nyuma ya nyumba za wafanyakazi wa reli. Nilijifunza kwamba mti uliokufa juzi haufai, bado una utomvu na ugumu. Na mti ulioliwa na mchwa haufai, umebaki udongo. Mdudu anayefaa huishi katikati ya hali hizo mbili, chini ya gome linalobanduka kwa mkono, pale mbao ilipolainika na kulowa na kuota ukungu mweupe. Ukiinua gome, tandu hukimbia, viwavi wa manjano hujikunja, lakini yeye hakimbii wala haruki. Mabawa yake yamegandana. Ukimgusa hukunja miguu na kulala kama mfu. Mwanangu, aliyesomea misitu, aliniambia baadaye kwamba jamaa hao ni wengi duniani, kwamba hupenda giza, kwamba huzaliwa na kufia ndani ya ule uozo bila kumdhuru mtu, na kwamba harufu ile ndiyo silaha yao pekee. Nilimsikiliza kama mtu anayesimuliwa habari za majirani wa zamani.

Mfenesi ulipokwisha nilitafuta mbali zaidi. Miti iliyovunjwa na mabomu wakati wa vita ilikuwa bado imelala huku na huko, na upande wa Mengo, chini ya ukuta wa ikulu ya Kabaka, mfalme wa Waganda, palikuwa na magogo ambayo hakuna aliyethubutu kuyapasua kuni. Mwuza kuni mmoja alinifukuza akidhani nimekuja kumwibia. Mwingine alinitazama nikibandua gome, akatikisa kichwa, akaniambia kwa huruma kwamba jana yake walipita wengine. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba si Mama Sifa peke yake aliyekuwa na habari ile. Alasiri moja nilikuta gogo la mvule limeshavuliwa gome karibu lote, na mzee amepiga magoti kwenye ncha moja, amevaa koti la suti la kwenda kanisani, mkebe wake kando. Alikuwa Mganda, Kiswahili chake kilikuwa cha shida. Tulitazamana. Hakuna aliyemuuliza mwenzake anatafuta nini. Akanyoosha mkono kunionyesha ncha ya pili, nami nikapiga magoti huko, tukachimba kuelekea katikati. Yeye hakupata kitu. Mimi nilipata wachache, nikawamwaga juu ya gome ili tugawane. Akachukua mmoja tu, akamfunika mkebeni.

"Chukua ingine, mzee," nikamwambia.

"Wangu ni mutoto mudogo," akasema. "Hii moja itamutosha."

Nilirudi Nsambya kwa miguu nikiwa nimeushika mkebe kifuani. Njia nzima nililia, si kwa ajili ya Martin.

Martin alimeza. Kila asubuhi Roza alipasua ndizi, akamlaza mdudu ndani, akaifumba, na Martin akafungua mdomo kama mtu anayepokea komunyo. Wakati mwingine mdudu aliamka kabla hajapita kooni, nasi tuliona shingo ya Martin ikihangaika na macho yake yakijaa maji. Baadaye tumbo lilimchoma na mdomo ukavimba. Alikula viazi vilivyochemshwa bila chumvi, matoke bila chumvi, maharage bila chumvi, na kila kijiko alikisukuma kooni na kusema asante. Kulikuwa na juma moja ambalo alipata nafuu kweli. Aliamka mwenyewe, akatoka nje akiwa amevaa koti la polisi juu ya shuka, akakaa kwenye kigoda akaota jua. Wenzake wawili walikuja kumsalimu kutoka umbali wa kutosha. Roza akawapikia chai. Mama Sifa alipopita na mzigo wake akamwona, alisimama palepale njiani, akaweka mzigo chini, na sura yake haikuwa ya mtu anayefurahi. Ilikuwa ya mtu aliyeshtuka. Niliiona, sikuielewa. Juma lile likaisha, Martin akarudi kitandani, na safari hii hakuinuka tena.

Tukaongeza wadudu. Hatukuwa na wazo jingine. Miti iliyooza ilizidi kuwa adimu, nami nilianza kutoka alfajiri na kurudi jua likiwa utosini, vidole vimepasuka, kucha nyeusi. Asubuhi moja nilirudi mikono mitupu, nikapitia bombani kunawa kabla sijamkabili Roza. Nyuma ya ukuta wa bomba Mama Sifa alikuwa akizungumza na mgeni, mwanamke wa kwao aliyefika na basi kutoka mpakani. Mgeni alikuwa akimpa pole. Alisema ukoo umeshakubaliana juu ya kujengea kaburi saruji, kwamba wanasubiri tu Mama Sifa apate nafasi ya kuvuka. Alilitaja jina la mumewe, na mbele ya jina akaweka neno marehemu. Mama Sifa alijibu kwamba tangu wamzike hajapata hata siku moja ya kukaa chini amlilie. Nilibaki nimeinama, maji yakinipita mikononi.

Mgeni alipoondoka nikazunguka ukuta. Mama Sifa aliniona, akajua nimesikia. Hakujaribu kukana. Nilimuuliza mumewe alikufa lini, akasema kabla hajatuletea mkebe. Nilimuuliza kama alimeza wadudu, akasema alimeza mpaka siku ya mwisho. Nikamuuliza basi kwa nini. Alikaa juu ya jerikeni lake, akajifuta uso na ncha ya kitenge.

"Bwana yangu alikufaka anangojea kupona," akasema. "Hakufa na woga. Kila asubuhi alikuwa na sababu ya kuamka. Mimi nilikuwa na kitu hiyo tu, mutoto yangu. Sikuwa na ingine ya kuwaletea."

Nilimwambia kwamba tumemnyima mgonjwa chumvi. Nilimwambia habari za tumbo lake, na za yule mzee wa Mengo na mtoto wake mdogo. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kujitetea, kisha akasema neno ambalo sikulitarajia, kwamba Martin alipoketi juani yeye mwenyewe aliogopa, maana alifikiri pengine dawa ni ya kweli na kwamba mumewe alikufa kwa sababu yeye hakuongeza wadudu haraka vya kutosha. Nikachukua mkebe wangu mtupu, nikaenda nyumbani.

Roza alikuwa ameenda kupanga foleni ya mgao. Nilikaa kando ya kitanda, nikamwambia Martin yote. Sikumficha hata la kaburi la saruji. Nilitarajia alie, au anyamaze kama alivyokuwa akinyamaza siku zile. Badala yake mabega yakaanza kutikisika, nikadhani ni kikohozi, kumbe anacheka. Alicheka mpaka nikamshika asianguke. Alipopata pumzi akageuza uso.

"Mimi si mtoto, Akello," akasema. "Mimi askari. Mtu ananiambia nakufa, mimi nasikia. Sasa lete chumvi."

Nikamletea chumvi kwenye kiganja changu. Aligusa kwa kidole, akaweka ulimini, akafumba macho, ingawa vidonda vilimchoma na machozi yalimtoka. Akaniomba malakwang, zile mboga chachu za kwetu zilizoungwa kwa karanga, kama zinapatikana. Nikamwahidi zitapatikana.

Roza aliporudi, Martin mwenyewe ndiye aliyemwambia. Nilikuwa upande wa pili wa pazia nikiwasha sigiri. Nilisikia sauti yake ikieleza polepole, kisha pazia likavutwa. Roza alisimama mbele yangu, ndizi mbivu ya kesho yake bado mkononi.

"Sasa kesho asubuhi," akaniuliza, "mimi nitaamka nifanye nini?"

Hakupaza sauti. Nimeulizwa mengi maishani, na hilo ndilo swali ambalo bado sijalipatia jibu. Hakuzungumza nami kwa siku nyingi baada ya hapo. Martin hakumeza tena, lakini Roza hakuacha kutoka na kisu. Nilidhani anatoka tu kwa mazoea, kwa kuwa mwili umezoea. Siku moja nikamfuata mpaka nyuma ya nyumba za reli, nikamkuta amekaa juu ya masalio ya ule mfenesi, akibandua, na alichokipata akakitia mdomoni mwake mwenyewe, bila ndizi. Alikuwa akijitibu. Aliamini damu yake ni damu ya Martin. Nilikaa kando yake juu ya gogo. Alipochoka akanipa kisu nikibebe, tukarudi.

Malakwang niliipata kwa mke wa sajenti mmoja wa Kitgum, ambaye aliipanda nyuma ya yunipoti yake. Aliichuma mwenyewe, akaileta mpaka kizingitini, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze, mtu wa kambini akavua viatu akaingia ndani. Martin alikula vijiko vichache. Alisema ina chumvi ya kutosha. Aliishi majuma machache tu baada ya hapo, na sitaki kusema uongo kwamba yalikuwa ya amani. Aliogopa. Alinishika mkono akaniambia anaogopa, na akamwambia Roza pia, nasi tukamwambia hata sisi tunaogopa. Alifariki adhuhuri, bati likilia kwa joto, watoto wakicheza nje. Nyumbani kaskazini kulikuwa na vita vingine, njia imefungwa, hata maiti haikupita. Kwetu mtu huzikwa penye uwanja wa baba yake, kila anayepita amtaje. Martin tulimzika pembezoni mwa mji, kwenye udongo mwekundu wa watu tusiowajua, pamoja na wengi wa aina yake. Mazishi yalikuwa mafupi kwa sababu lori lilisubiriwa kwingine.

Yunipoti ilitakiwa. Koplo mwingine alishapangiwa, na mkewe kijana alifika na vyombo vyake tukiwa bado tunafunga vyetu. Roza alimwonyesha mahali ambapo bati linavuja na jinsi ya kuubana mlango upepo ukivuma. Akaipiga pasi ile sare kwa mara ya mwisho ili irudishwe stoo. Kisha akaniambia anakwenda kwa mjomba wake Tororo, kungoja zamu yake, na kwamba nisimfuate wala nisimtafute, maana hataki niuguze tena. Nilimtii. Pale benchini mwezi uliopita aliniambia kwamba alingoja miaka mingi sana, akikataa kuolewa, akikataa kulima mazao yasiyoiva haraka, kabla hajapata ujasiri wa kupimwa. Damu yake ilikuwa safi. Ilikuwa safi siku zote. Alinisimulia hayo kama mtu anayesimulia mahali alipokosea njia.

Mimi nilibaki langoni pa kambi na godoro, sufuria mbili na begi. Sikuwa na mjomba Tororo. Mama Sifa alinikuta hapo. Alisema hana mtu wa kumbebea mizigo, akaliinua begi langu, akaanza kutembea. Kesho yake nilimfuata Kikuubo, katika ile njia nyembamba ambamo wachukuzi hupiga mluzi ili uwapishe na maduka hupumuliana usoni, nikiwa na bunda la vitenge kichwani na chuki kifuani. Asubuhi nzima sikumjibu zaidi ya neno moja moja. Yeye alifungua kibanda, akakunjua vitambaa, akabishana na wateja, akacheka nao, akanifundisha kutambua kwa vidole kitenge kinachochuja. Mchana mpishi wa kupita akaleta wali na maharage, sahani moja, kwa kuwa ndivyo alivyozoea kumletea. Mama Sifa alinikabidhi sahani nzima, akageuka kupanga vitambaa ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Sikuwa nimemsamehe, wala yeye hakuwa ameomba. Lakini kwa siku mbili sikuwa nimetia kitu tumboni, na hapakuwa na mtu mwingine katika mji ule aliyejua hivyo. Nilikaa juu ya bunda, nikala mpaka nikaifuta sahani kwa kidole. Akaniuliza, bado amenipa mgongo, kama nataka nyingine.

"Nataka, mama," nikasema.